Mtu wa Wete anasema ni ndugu yangu kwa baba, na baba alishazikwa. Mate ya baba mdogo yanatosha?

Mwana_Tongoni

Assalam aleikum wakubwa na wadogo. Natoka Tongoni, hapa kusini ya Tanga mjini kwa njia ya Pangani, pale kwenye magofu ya msikiti. Kuna jambo linatunyima usingizi nyumbani, naomba mwenye elimu ya vinasaba anisaidie, maana kila ninayemuuliza mtaani ana jibu lake.

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Alikuwa akipakia mbao na unga Tanga, anavuka kwenda Wete, kule Pemba, anarudi na nazi na ng'onda. Alifariki 2011, Mungu amrehemu, akaacha shamba la minazi ekari nne na nyumba ya mawe ambayo mpaka leo tumo. Kwa mama yangu tulizaliwa wanne, mwanamume ni mimi peke yangu. Mwezi uliopita alikuja mtu mzima kutoka Wete, mpole, kanzu safi na koti juu, akakaa barazani akasema yeye ni mtoto wa marehemu. Anasema baba alimuoa mama yake kule, ndoa ya msikitini, akawa anamhudumia kila akitia nanga, halafu safari zikakatika. Mama yake amefariki mwaka jana, na siku za mwisho ndipo alipomtajia jina la baba na jina la jahazi. Jina la jahazi ni lenyewe. Hapo ndipo mwili uliponisisimka.

Hadai kwa ubaya. Anasema hata akipewa minazi mitano atashukuru, anachotaka ni kujua kwao. Lakini dada zangu wamegawanyika, na mama hasemi kitu, tukianza mazungumzo anainuka anakwenda zake jikoni.

Nimesikia kuna kipimo kinachofuata upande wa baba tu, wanaume kwa wanaume. Baba ana mdogo wake wa tumbo moja, yu hai, umri wake unakaribia sabini. Tukichukua mate ya baba mdogo na ya huyu mtu wa Wete, tutapata jibu bila kufukua kaburi? Na jibu lenyewe litaaminika kiasi gani? Wako wanaosema kaburi lazima lifukuliwe, na hilo mimi sitaki hata kulisikia.

Fundi_Boti_Sahare

Pole ndugu. DNA ni asilimia 99.99, ikisema ndiyo ni ndiyo, ikisema siyo ni siyo. Mpelekeni baba mdogo mambo yaishe. Kaburi liacheni.

Bi_Chumbageni

Waaleikum salaam mwanangu, na pole. Nimefanya kazi ya maabara miaka 31, kumi ya mwisho nikiwa kwenye vinasaba, sasa nimestaafu niko Chumbageni na wajukuu. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu nimeona jambo kama hili likivunja nyumba pale watu walipopewa jibu fupi.

Ndugu yetu wa Sahare amesema kwa nia njema, ila hiyo 99.99 aliyoisikia ni ya kipimo cha kawaida cha baba na mtoto, mtu na mtu. Unachokiulizia wewe ni kipimo kingine, na kinajibu swali lingine.

Mtu ana kromosomu 46, jozi 23. Jozi 22 huchanganywa upya kila kizazi, mtoto anapokea nusu ya huku na nusu ya huku, tena iliyovurugwa. Jozi ya mwisho ndiyo ya jinsia: mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X na Y. Hiyo Y haina mwenzake wa kuchanganyika naye, isipokuwa kidogo kwenye ncha zake. Kwa hiyo baba humkabidhi mwanawe wa kiume karibu vile vile alivyoipokea kwa baba yake. Y ya marehemu nahodha ilikuwa ya babu yako. Anayo baba mdogo. Na unayo wewe, umekaa nayo hapo unapoandika. Kwa hiyo kaburi halihusiki kabisa, na kwa hatua ya kwanza hata baba mdogo si lazima.

Y nzima ina herufi za vinasaba (A, C, G na T) milioni 62 hivi, na ni mwaka 2023 tu ndipo wataalamu walipomaliza kuisoma yote. Maabara haisomi zote hizo. Inakwenda mahali pachache ambapo kifungu kifupi cha herufi kinajirudia: TCTA TCTA TCTA TCTA. Mtu mmoja kinajirudia mara 10, mwingine mara 11. Fikiria uzi wa shanga za bibi, unahesabu nyekundu ngapi zimefuatana kabla ya nyeupe kuingia. Kila mahali, ndipo tunapoita alama, pana jina lake, DYS19, DYS390, DYS391 na kuendelea. Mwaka 1997 walianza na mahali 9, baadaye maabara zikaenda 17, kisha 23 na zaidi. Ukiandika hesabu zote kwa mpangilio, tuseme 15, 21, 10, 11, 13, mpaka mwisho, huo mfuatano ndio haplotaipu. Sisi kazini tulizoea kuiita namba ya ukoo.

Sasa hesabu hizo hubadilika mara chache. Kwa wastani kila alama ina nafasi kama 2 katika 1,000 ya kuongezeka au kupungua shanga moja baba anapompa mwanawe. Ukimpima baba mdogo na mtu wa Wete, na ikiwa kweli ni mtoto wa kaka yake, Y imepita mikono mitatu: babu kwenda kwa baba, babu kwenda kwa baba mdogo, baba kwenda kwa mtoto. Alama 17 mara tatu ni mipito 51. Nafasi ya kukuta tofauti moja au zaidi, na bado ni damu moja, ni karibu moja katika kumi. Kwa hiyo msije mkamfukuza mtu kwa tofauti ya alama moja. Maabara nyingi hazisemi "si wa ukoo huu" mpaka ziwe tofauti tatu au zaidi. Mtu asiye wenu kabisa mara nyingi hutofautiana nanyi alama nyingi, huhitaji hata miwani.

Kipimo hiki kina nguvu sana katika kukataa. Hesabu zikipishana mahali saba au nane, shauri limekwisha, si wa mstari wenu. Zikilingana, kinachosemwa ni kwamba ninyi ni wa mstari mmoja wa kiume. Hakisemi baba yake ni nani ndani ya mstari huo. Ndiyo maana nakuuliza: baba mdogo miaka hiyo alikuwa anafanya kazi gani, na wapi?

Na jambo moja kabla hujakubali. Nilipokuwa kazini alikuja mzee mmoja na jamaa zake, lengo likiwa kumkana kijana aliyedai ni wa marehemu kaka yake. Kijana na wengine wote walilingana. Aliyekuwa na namba tofauti ni yule mzee. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka tunafunga, na mimi nikakosa la kumwambia. Kila anayetoa sampuli anaweza kujibiwa swali ambalo hakuliuliza, hata wewe. Wote waambiwe hivyo mapema, kwa maneno yaliyo wazi, na atakayesema hataki aachwe.

Mwana_Tongoni

Shikamoo Bi. Nimesoma mara tatu. Umenigusa pale pale. Baba mdogo alikuwa baharia katika jahazi lile lile. Walikuwa wakienda Wete pamoja. Babu alizaa wanaume wawili tu, hao hao, na ukoo wetu mwingine wa kiume walihamia Mombasa kabla sijazaliwa, hawakuwa watu wa bahari.

Kwa hiyo ikilingana, huyu anaweza kuwa ndugu yangu au mtoto wa baba mdogo, na Y haitajua?

Bi_Chumbageni

Marahaba. Ndiyo, haitajua.

Ngoja nikupe kisa kinachofanana na chako, watu wa fani hii wote wanakijua. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, alisemwa tangu akiwa hai kwamba alizaa na Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake. Jefferson hakuacha mtoto wa kiume wa ndoa aliyekua, watoto wake waliobaki walikuwa wa kike, kwa hiyo Y yake haikuwa kwa mtu yeyote wa kizazi cha ndoa yake. Mwaka 1998 watafiti wakamzunguka, kama wewe unavyotaka kumzunguka marehemu. Wakatafuta wazao wa kiume, baba kwa baba, wa Field Jefferson, ndugu wa baba yake Thomas. Upande wa pili wakampata mtu wa kizazi cha Eston Hemings, mtoto wa mwisho wa Sally, aliyezaliwa 1808. Zikalingana. Familia nyingine iliyodai kwa miaka mingi kutoka kwa Jefferson, wazao wa Thomas Woodson, hazikulingana. Hakuna kaburi lililoguswa.

Lakini wakosoaji wakauliza swali lako: Jefferson alikuwa na mdogo wake, Randolph, na Randolph alikuwa na watoto wa kiume, wote wana Y ile ile. Nani basi? Kilichoinua mizani ni makaratasi. Kumbukumbu za safari za Jefferson zilionyesha alikuwa nyumbani kwake Monticello kila mara Sally aliposhika mimba. Y iliwaleta kwenye nyumba moja, tarehe zikaeleza ndani ya nyumba alikuwa nani.

Wewe una bahati ambayo wao hawakuwa nayo: Randolph wako yu hai. Anza na Y, wewe na mtu wa Wete, na baba mdogo akikubali, watatu. Zikipishana sana, mshukuruni Mungu mmejua, mpeni mgeni wenu chakula na nauli. Zikilingana, hapo muombe kipimo cha kawaida, kile cha jozi 22, baba mdogo na mtu wa Wete. Mtoto hufanana na baba yake wa kumzaa kwenye kila alama, isipokuwa kwa nadra shanga moja inapobadilika, kwa sababu nusu ya kila jozi ameitoa kwake. Ami hafanani na mtoto wa kaka yake kila mahali, ataangukia mahali fulani. Baba mdogo akitoka kwenye hesabu kama baba, na Y ikiwa yenu, na babu hakuzaa mwanamume mwingine, unajua aliyebaki.

Waambie maabara waziwazi kwamba anayeshindana na baba mdogo ni kaka yake wa tumbo moja. Ndugu hawa wana mengi ya pamoja, kwa hiyo ami hupita kwenye alama nyingi ambazo mtu baki angekwama. Wakijua hivyo wataongeza idadi ya alama. Wasipoambiwa wanaweza kupima chache, wakaona inafanana, wakakuletea jibu lililopotoka. Kosa hili nimeliona.

Na kitu ambacho hakuna maabara itakupa: kipimo kinasema damu, ndoa hakiisemi. Kama kulikuwa na ndoa Wete, na mirathi iwe vipi, hilo ni la masheikh na mahakama.

Wakili_Dunda

Shikamoo Bi, na pole ndugu wa Tongoni. Naandika kutoka Bagamoyo, Dunda. Kipimo hiki mimi nimekutana nacho upande wa jinai, na nataka niongeze kwa sababu tofauti hiyo ya nyumba na mtu ndani ya nyumba huko inaweza kumpeleka mtu gerezani.

Kwanza faida yake, maana ni kubwa. Mwanamke aliyebakwa akichukuliwa sampuli, seli zake mwenyewe ni nyingi kupita kiasi ukilinganisha na za mshambuliaji. Kipimo cha kawaida kinawasoma wote wawili kwa pamoja, na aliye na wingi anamfunika mwenzake, mithili ya mtu anayenong'ona karibu na ngoma. Sasa mwanamke hana Y. Ukisoma alama za Y peke yake, seli zake zote zinanyamaza, unasikia za mwanamume tu, hata kama ni chache. Inafanya kazi hata pale mwanamume alipokuwa hana mbegu kwenye manii yake, na kwenye uchafu uliobaki chini ya kucha za aliyejitetea. Na kama washambuliaji walikuwa wawili au watatu, wingi wa hesabu kwenye alama moja unaonyesha hivyo. Kwa akina mama na mabinti wanaoambiwa "hakuna ushahidi", kipimo hiki ni haki iliyokuwa ikikosekana.

Niliwahi kumtetea kijana wa kijiji cha wavuvi. Ripoti ya maabara ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa tahadhari: haplotaipu ya kielelezo inalingana na ya mshtakiwa, haiwezi kumtenga yeye wala ndugu zake wa upande wa baba. Aliyeielezea mbele ya mahakama akasema kwa mkato, "DNA yake imekutwa." Nikasimama. Nilikuwa nimekaa na bibi wa ukoo ule jioni nzima kwenye mkeka, akanihesabia kwa vidole na majina: baba, kaka watatu, ami zake, watoto wa ami, wajukuu waliobalehe. Wanaume 19 wenye mstari ule ule, wote wanaishi kijijini pale. Niliwataja mmoja mmoja. Kijana yule hakuachiwa kwa hilo, na wala sikudai aachiwe kwa hilo. Nilichoomba ni sampuli ipimwe kwa kipimo cha kawaida pale ilipowezekana, kukapatikana kipande cha nguo kilichotosha, na hicho kikamtoa.

Tena kuna suala la namba. Kwenye kipimo cha kawaida wataalamu huzidisha nafasi ya alama moja kwa nyingine, ndiyo maana unasikia "moja katika mabilioni". Y huwezi kuifanyia hivyo, kwa sababu alama zake zote zinasafiri pamoja zimefungwa kwenye mzigo mmoja. Unachofanya ni kuhesabu: haplotaipu hii imeonekana mara ngapi kati ya watu waliokwisha kupimwa? Kuna kanzidata ya kimataifa kwa kazi hiyo, YHRD, iko Berlin, wazi mtandaoni tangu mwaka 2000. Lakini hesabu yoyote inawasemea waliomo ndani yake. Kama watu wa pwani yenu ni wachache humo, "haijawahi kuonekana" haina uzito mkubwa. Wakili yeyote kijana anayesoma hapa, uliza daima: imehesabiwa kati ya kina nani?

Upande wa uchunguzi, Y inaweza kufanya lile ambalo kipimo cha kawaida hulifanya kwa shida, kumfikia mtu kupitia jamaa zake, hata wa mbali. Uholanzi, jimbo la Friesland, msichana wa miaka 16 aliuawa 1999, na kwa miaka 13 hakukupatikana mtu. Mwaka 2012, baada ya sheria yao kuruhusu kutafuta kwa njia ya ndugu, wanaume zaidi ya 8,000 wa eneo lile waliombwa watoe mate kwa hiari. Wazo lilikuwa kwamba hata muuaji asipokuja, binamu yake atakuja, na Y itaonyesha ukoo. Ikatokea kwamba muuaji mwenyewe, mkulima wa jirani, alikuja akatoa. China nako, mtu aliyeua wanawake na wasichana 11 kati ya 1988 na 2002 alikamatwa 2016, baada ya jamaa yake wa kiume kupimwa kwa shauri jingine kabisa.

Nafurahi walikamatwa. Pia najiuliza kuhusu yule jamaa, kwamba mate yake yalisema habari za watu ambao hawakuwahi kuulizwa. Hapa kwetu tunayo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Ndugu wa Tongoni, kwa sheria hiyo huendi mwenyewe dirishani kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kijiti cha pamba mfukoni. Ombi linapitia kwa wakili, ustawi wa jamii, mahakama na mamlaka nyingine zilizotajwa, na majibu yanarudi huko huko. Msichukuliane sampuli nyumbani. Hata zikiwa za kweli, mahakamani utaulizwa nani aliichukua, nani aliifunga, nani aliibeba kwenye basi.

Binti_Ngamiani

Bi, samahani naingilia. Na sisi wanawake? Kama aliyekuja kutoka Wete angekuwa dada, angeambiwa arudi tu?

Bi_Chumbageni

Hapana mwanangu. Hana Y, kwa hiyo njia hii imefungwa kwake, lakini iko X. Baba ana X moja tu, na kila binti yake anampa ile ile nzima. Kwa hiyo mabinti wa baba mmoja na mama tofauti wana X moja inayofanana kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Yule dada angepimwa na dada zake Mwana_Tongoni, siyo na Mwana_Tongoni. Na zuri lake ni kwamba ndugu wawili wa kiume, kama nahodha na mdogo wake, kwa kawaida hawana X moja kamili, kila mmoja alipewa na mama yao mchanganyiko wake. Hapo dada angepata jibu ambalo kaka hapati.

Kaole_Kwetu

Mimi ni wa Kaole. Babu zetu wanasema sisi ni Washirazi. Nilipimwa Y nikiwa masomoni nje, nikaambiwa niko kundi J. Kwa hiyo si imethibitika kwamba sisi ni Waajemi?

Bi_Chumbageni

Imethibitika kwamba baba wa baba wa baba yako, huko nyuma, alikuwa na Y ambayo ni ya kawaida sana Uajemi na Uarabuni. Hilo ni kweli na una haki ya kulifurahia. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800 hivi, wengi wao katika miji ya Waswahili, Mtwapa, Manda, Kilwa na mingineyo. Upande wa kiume mistari mingi ilielekea Asia ya kusini-magharibi, hasa Uajemi. Upande wa kike karibu yote ilikuwa ya Afrika. Kwa hiyo masimulizi ya wazee kuhusu Washirazi yalikuwa na jambo ndani yake, na walioyadharau wamejifunza. Lakini vizazi kumi nyuma una nafasi ya mababu na mabibi 1,024. Y yako imetoka kwa mmoja wao. Na hao waliobaki, wakiwemo mabibi waliokupa hiki Kiswahili unachoniandikia, ni wako sawasawa na yeye.

Mwana_Tongoni

Nimerudi, na ahsanteni wote. Bi, yale ya Jefferson na tarehe yalinikaa kichwani usiku kucha. Asubuhi nikampigia simu mtu wa Wete nikamuuliza alizaliwa lini hasa. Hana cheti cha zamani, ila mama yake alikuwa akimwambia: Mfungo Nne, mwaka ulioingia 1400. Maalim wetu wa madrasa akanifanyia hesabu: Muharram ya 1400 ilianza 20 au 21 Novemba 1979. Kwa hiyo mimba ni Februari mwishoni au Machi 1979.

Bi, nimekua nasikia habari za vita vya Kagera za baba mdogo, namna walivyovuka mto, namna mguu ulivyoumia. Sikuwahi kuziweka pamoja na jambo hili. Nilikwenda kwake baada ya Alasiri nikamweleza yote, pamoja na lile la majibu ya maswali usiyouliza. Alisikiliza kimya. Kisha akasema alichukuliwa kwenye mgambo mwishoni mwa 1978, na Machi 1979 alikuwa anatembea kwa miguu ndani ya Uganda. Alirudi Tongoni vita vimekwisha. Akaingia ndani akatoka na kitambulisho kilichofifia ndani ya mfuko wa nailoni. Nikamwambia basi labda huna haja ya kupimwa. Akasema, "Nipimeni. Nisije nikafa mkaanza na kaburi langu."

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama barazani peke yake. Nikamweleza kwamba tunapima, sote watatu. Akaniambia, "Huyo mtu akija tena, mwambie alete picha ya mama yake. Nataka kumwona." Sikumuuliza zaidi.

Wakili tuliyempata hapa mjini anaandika barua wiki ijayo, na mtu wa Wete anavuka siku atakayoambiwa. Bi, nina swali moja dogo. Baba mdogo anatafuna tambuu tangu anapoamka mpaka analala, mdomo wote mwekundu. Itaharibu sampuli?

Bi_Chumbageni

Asitafune asubuhi hiyo kabisa. Asukutue kwa maji matupu mara mbili tatu, kisha akae saa nzima bila kuweka chochote mdomoni, hata maji. Kijiti kinasuguliwa ndani ya shavu, siyo juu ya ulimi. Kisha kiachwe kikauke kabla ya kufungwa, na kiingie kwenye bahasha ya karatasi. Wakitaka kukitia kwenye nailoni kikiwa kibichi, wakatazeni, unyevu unaharibu. Na mama yako mpelekee salamu zangu.